Mgombea mwenza analeta kura za wahafidhina kweli? Kutoka Kansas City 1976 hadi Kirinyaga 2022

Uzi mrefu leo, wadau. Sheria yetu ya huku inabaki ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Nitataja jimbo, mwaka na cheo. Ukimjua, umemjua.

Kuna swali halikosi kila uchaguzi ukinukia, iwe kwa mdahalo wa televisheni au ndani ya matatu: "Akimchukua fulani kuwa mgombea mwenza, si atabeba kura za kule?" Watu huongea kama kura ni magunia ya viazi na mwenza ni mkokoteni. Mimi nimesoma haya mambo darasani kwa miaka mitatu sasa na bado sijaona mkokoteni. Nimeona kitu kingine, na ndicho nataka tuangalie.

Shida ya Kenya ni kwamba historia yetu ya jambo hili ni fupi sana. Kabla ya Katiba ya 2010, Makamu wa Rais aliteuliwa na rais kutoka kwa wabunge, baada ya uchaguzi, na angeweza kufutwa siku yoyote rais akiamka vibaya. Mgombea mwenza kwenye karatasi ya kura tulianza kumwona 2013. Kwa hivyo nitaenda Marekani, ambako wamejaribu hii dawa mara nyingi, na nitafuata kundi moja tu la wapiga kura: wahafidhina.

Mhafidhina wa kule, kwa kifupi, ni mtu anayetaka ushuru mdogo, serikali isiyomwingilia, bunduki yake ibaki nyumbani, na mara nyingi ni mtu wa kanisa anayepinga uavyaji mimba. Msichanganye na wa kwetu. Hapa Kenya ukiuliza wanasiasa kuhusu uavyaji mimba, karibu wote watajibu kama wachungaji, kwa hivyo hilo swali haligawanyi kambi zetu. Hata 2010, makanisa makubwa yalipopiga kampeni ya "La" kwa sababu ya kifungu cha uhai na mahakama za Kadhi, Katiba ilipita na karibu asilimia 67. Kule Marekani swali hilo hilo linaweza kuangusha mgombea.

Sasa twende 1976.

Rais aliyekuwa madarakani hakuwa amechaguliwa na wananchi. Aliingia Ikulu ya kule 1974 baada ya mtangulizi wake kujiuzulu kwa kashfa. Makamu wake alikuwa gavana wa zamani wa New York, tajiri wa ukoo maarufu, na wahafidhina wa chama chao walimchukia vibaya sana. Walimwona mtu wa serikali kubwa na matumizi makubwa. Presha ikapanda hadi Novemba 1975, makamu akatangaza hatakuwa kwenye tiketi ya mwaka uliofuata. Hapo tayari unaona kitu: rais alimtoa mwenza kabla ya kura ya kwanza ya mchujo kupigwa, ili tu atulize upande mmoja wa nyumba yake.

Haikusaidia sana. Gavana wa zamani wa California, kipenzi cha wahafidhina, alimpinga kwenye mchujo na wakafika Julai wakiwa wamekaribiana kabisa. Hakuna aliyekuwa na wajumbe wa kutosha kwa uhakika. Wajumbe wachache ambao hawajaamua ndio wangesema neno la mwisho.

Ndipo yule wa California akafanya jambo ambalo hata leo linafundishwa. Wiki chache kabla ya mkutano mkuu wa chama Kansas City, alitangaza mapema kwamba akishinda, mwenza wake atakuwa seneta wa Pennsylvania. Huyo seneta alikuwa na rekodi ya kupiga kura pamoja na vyama vya wafanyakazi, na wahafidhina walimhesabu kuwa mliberali. Hesabu ilikuwa hivi: wahafidhina ni wangu tayari, hawana pa kwenda, acha nichote wajumbe wa Pennsylvania na majirani zao.

Kumbe wana pa kwenda.

Wajumbe wa Pennsylvania hawakutikisika, kwa sababu walikuwa wameshaahidi upande wa rais na mwenza peke yake hakutosha kuwageuza. Lakini kule Kusini moto uliwaka. Mississippi ilikuwa na kura 30 na ilitarajiwa kuegemea California. Viongozi wake wakasema huyu jamaa tuliyemwamini ametuuza. Timu yake ikajaribu kuokoa mambo kwa kupendekeza kanuni ya kumlazimisha rais naye ataje mwenza wake kabla ya kura, wakitumaini atamkasirisha mtu upande wake. Kanuni ikaanguka, 1,180 kwa 1,069. Siku iliyofuata rais akapita kwa kura 1,187 dhidi ya 1,070. Mississippi ilienda kwa rais.

Simameni hapo kidogo, kwa sababu hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Yule seneta wa Pennsylvania hakuwa amefanya kosa lolote. Hakusema upuuzi, hakuwa na kashfa. Wahafidhina hawakuwa wanampima yeye. Walikuwa wanampima aliyemchagua, na swali lao lilikuwa: kama unaweza kumchukua huyu ili ushinde, ukishinda utachukua nini kingine?

Rais naye, akiwa bado anawaogopa wahafidhina, alichukua seneta wa Kansas ambaye walimkubali. Mwaka huo ndio ulikuwa na mdahalo wa kwanza kabisa wa wagombea wenza kwenye televisheni, Oktoba, mjini Houston. Seneta akasema vita vyote vikubwa vya karne hiyo vilikuwa vita vya chama pinzani, na watu wakashtuka. Novemba walishindwa na gavana wa zamani wa Georgia, kura 297 kwa 240 za majimbo. Hatuwezi kusema ni mwenza aliyewaangusha. Tunachoweza kusema ni kwamba kumridhisha mhafidhina kulimsaidia rais ndani ya ukumbi wa chama na hakukumpa ushindi nje ya ukumbi.

Miaka minne baadaye yule wa California alirudi, akashinda mchujo, na kule Detroit akamchukua mpinzani wake wa mchujo, mtu wa Texas ambaye alikuwa amemkejeli mipango yake ya uchumi waziwazi na ambaye wahafidhina walimwona vuguvugu kuhusu uavyaji mimba. Walinung'unika. Halafu wakampigia kura, na akachukua majimbo 44. Mbona 1976 waliwaka na 1980 wakameza? Jibu langu ni kwamba 1980 hakuna aliyemshuku tena mwenyewe. Alikuwa amebeba bendera yao kwa miaka, ilani ya chama waliiandika wao, na mtu wa Texas alikubali kufuata msimamo wa bosi. Mwenza asiyependwa ni tatizo dogo ikiwa mkuu anaaminika.

Sasa kisa ambacho wengi wenu mnakikumbuka, ingawa mimi nilikuwa bado shule ya msingi: 2008. Kenya nzima tulikuwa tunaangalia upande ule mwingine, kwa sababu mnazozijua, na hata tukapewa siku ya mapumziko baada ya matokeo. Kwa hivyo upande wa walioshindwa tuliuruka. Turudi.

Seneta wa Arizona alikuwa shujaa wa vita, lakini wahafidhina hawakumwamini hata kidogo. Alipinga kupunguzwa kwa ushuru 2001 na 2003. Alisukuma sheria ya kubana pesa za kampeni. Alitaka wahamiaji wasio na karatasi wapewe njia ya kuwa raia. Na mwaka 2000 aliwashambulia hadharani baadhi ya wahubiri wakubwa wa Kiinjilisti. Mapema 2008 kiongozi mmoja mkubwa wa kundi hilo alisema wazi kwamba hatampigia kura kabisa.

Inajulikana kwamba seneta mwenyewe alimtaka rafiki yake, seneta wa Connecticut, mtu aliyekuwa mgombea mwenza wa upande wa pili mwaka 2000. Washauri wakamwambia: ukimpeleka huyo kwa mkutano mkuu, wajumbe watageuka, kwa sababu anaunga mkono haki ya uavyaji mimba. Hapo 1976 ilikuwa inaongea kutoka kaburini.

Tarehe 29 Agosti, siku aliyotimiza miaka 72, akamtambulisha gavana wa Alaska kule Dayton, Ohio. Mama wa miaka 44, mwenye chini ya miaka miwili ofisini, Mkristo wa Kiinjilisti, mwindaji, mpinzani wa uavyaji mimba kwa maneno na kwa maisha, maana alikuwa amejifungua mtoto mwenye ulemavu miezi michache tu kabla, na akijua mapema. Kwa wahafidhina hilo halikuwa sera. Ilikuwa ushahidi.

Manze, walilipuka. Yule kiongozi aliyeapa kutopiga kura akabadilisha msimamo. Mikutano ambayo ilikuwa na watu wachache ikafurika. Hotuba yake ya St. Paul ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 37, na mdahalo wake wa Oktoba na karibu milioni 70, wengi kuliko mdahalo wowote wa wagombea urais mwaka huo. Mwanzoni mwa Septemba seneta aliongoza kwa muda kwenye kura za maoni.

Halafu tarehe 15 Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka, uchumi ukaanza kutetemeka, na mahojiano ya gavana kwenye televisheni yakaenda vibaya. Siku ya uchaguzi, watu walioulizwa wakitoka kupiga kura, kama asilimia 60 walisema hana sifa za kuwa rais ikihitajika. Mgombea wa miaka 72 hawezi kupuuza swali hilo.

Lakini mimi nataka tuangalie namba ya wahafidhina wenyewe, kwa sababu wao ndio waliolengwa. Kwa kura za maoni za siku hiyo ya kupiga kura, mwaka 2004 waliojiita wahafidhina walimpa mgombea wa chama chao asilimia 84. Mwaka 2008, na gavana wa Alaska akiwa kwenye tiketi, walimpa 78. Wakristo weupe wa Kiinjilisti walishuka pia, kutoka 78 hadi karibu 74. Kelele iliongezeka, asilimia ikapungua. Indiana na Virginia, majimbo ambayo hayakuwa yameenda upande wa pili tangu 1964, yakaenda.

Ningekuwa mwaminifu nusu ningewaambia basi mwenza hana maana. Haiko hivyo. Huenda bila yeye 78 ingekuwa 72. Hatuna uchaguzi wa pili wa kulinganisha. Na mwaka ule wa mdororo wa uchumi, pamoja na rais anayeondoka ambaye watu walimchoka, mgombea yeyote wa chama hicho angeumia. Ninachosema ni kidogo zaidi: msisimko wa waliokuwa tayari karibu na wewe unaonekana kwa mikutano, kwa michango na kwa watu wa kujitolea kugonga milango. Kwenye hesabu ya kura unaonekana kidogo kuliko unavyosikika.

Kuna wasomi wawili, Christopher Devine na Kyle Kopko, walioandika kitabu kizima juu ya swali hili mwaka 2020. Hoja yao kuu ni kwamba mwenza anaathiri kura kwa njia ya kuzunguka: mpiga kura anautazama uchaguzi huo na kumhukumu mgombea urais. Wao pia wameonyesha kwamba ile imani ya "mwenza analeta jimbo lake" haina nguvu watu wanavyodhani. Wahafidhina wa Mississippi walikuwa wamewatangulia kwa miaka 44 na hawakuhitaji jedwali.

Tukija 2016 mambo yanakuwa matamu. Mfanyabiashara wa New York, ameoa mara tatu, aliyewahi kusema hadharani mwaka 1999 kwamba anaunga mkono haki ya uavyaji mimba, ameshinda mchujo wa chama cha wahafidhina. Kanisani watu wanatazamana. Julai anamchagua gavana wa Indiana, mtu wa sala na Biblia, ambaye kwenye mchujo alikuwa amemuunga mkono mpinzani wa mfanyabiashara huyu, seneta wa Texas. Na kule Cleveland huyo seneta wa Texas akapanda jukwaani, akakataa kumuidhinisha mshindi, akazomewa hadi akashuka.

Matokeo? Wakristo weupe wa Kiinjilisti: karibu asilimia 81. Zaidi ya 2004, zaidi ya 2008.

Mtu wa haraka atasema: unaona, gavana wa Indiana amefanya kazi. Pole pole. Mwaka huo jaji mmoja wa Mahakama ya Juu alikuwa amefariki Februari na kiti chake kilikuwa wazi hadi uchaguzi. Mei, kabla ya kumchagua mwenza, mfanyabiashara alitoa orodha ya majina 11 ya majaji ambao angechagua kati yao. Septemba akaongeza, ikafika 21. Hicho kitu hakikuwahi kufanywa na mgombea kwa namna hiyo. Mhafidhina akapewa mambo mawili pamoja: uso anaoujua, na ahadi iliyoandikwa yenye majina. Ukiniuliza kipi kilikuwa na uzito, nitasema orodha. Gavana aliwapa watu ruhusa ya kutoona aibu, orodha ikawapa sababu.

Na angalieni Utah. Wamormoni wengi, wahafidhina wa dhati, watu wa familia. Mwaka 2012 mgombea wa chama chao alipata karibu asilimia 73 pale, ingawa ni kweli yule alikuwa Mmormoni mwenzao. Mwaka 2016 mfanyabiashara alipata karibu 45, na mgombea huru ambaye nchi nzima haikumjua akapata zaidi ya 21. Mwenza mcha Mungu alikuwepo kwenye karatasi hiyo hiyo. Waliotilia shaka tabia ya mkuu hawakuponywa na tabia ya msaidizi.

Mwisho wa stori hiyo mnaujua. Tarehe 6 Januari 2021 yule yule gavana wa zamani, sasa makamu, alikataa kuzuia matokeo ya uchaguzi, na kundi lililovamia bunge likapiga kelele anyongwe. Mtu aliyewekwa kuwa dhamana kwa wahafidhina aligeuka msaliti machoni pa wengi wao. Na 2024 mfanyabiashara alipogombea tena, alimchukua seneta wa Ohio wa miaka 39, na hakuna aliyeuliza kama amekuja kuwatuliza watu wa kanisa. Hawakuhitaji kutulizwa tena. Walikuwa wameshapata majaji wao.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnaningoja hapo.

Mhafidhina wa Marekani anauliza mwenza anaamini nini. Sisi tunauliza ametoka wapi. Maneno tofauti, lakini kazi ya mwenza ni ile ile: kumwambia mpiga kura mwenye mashaka, "hawa hawatakusahau." Mei 2022, kambi zote mbili kubwa zilichukua wenza kutoka Mlima Kenya, mmoja wa Nyeri, mwingine wa Kirinyaga. Tiketi tatu kati ya nne zilikuwa na mwanamke kama mwenza. Huyo wa Kirinyaga alipotangazwa, watu huku mtandaoni walilia machozi ya furaha, mikutano ikachangamka, na mimi mwenyewe niliamini hesabu imebadilika. Agosti, Kirinyaga ikampigia kura mpinzani wake kwa wingi mkubwa. Kitaifa ikawa 50.49 kwa 48.85.

Kwa nini? Tukitumia darasa la Mississippi: mlimani watu wengi walikuwa wameshaamua kuhusu mgombea urais mwenyewe, kwa miaka na miaka. Mwenza angewezaje kufuta hilo kwa miezi mitatu? Hakukuwa na kosa lake hapo, sawa na seneta wa Pennsylvania. Na wale waliosema ni jinsia tu, sikatai kwamba ilikuwepo, lakini kaunti jirani zisizokuwa na mwenza wala mwanamke kwenye mjadala zilipiga kura vivyo hivyo.

Upande ulioshinda ndio una somo gumu zaidi. Mwenza wa Nyeri aliwaambia watu wake serikali ina hisa na wao wana hisa kubwa. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Taifa likapiga kura 281 kwa 44 kumng'oa. Tarehe 17 Seneti ikamkuta na hatia kwenye mashtaka matano kati ya kumi na moja, na yale maneno ya hisa yalikuwa sehemu ya mashtaka. Kesho yake akateuliwa mwingine na Bunge likamwidhinisha siku hiyo hiyo. Mbali na siasa za nani alikosea, kuna jambo la kisheria hapo. Katiba ya 2010 ilimwondolea rais uwezo wa kumfuta naibu kwa barua, jambo zuri. Lakini hakuna kifungu kinachosema eneo fulani au kundi fulani lina kiti hicho. Ibara ya 149 inasema rais atateua mtu ndani ya siku 14 na Bunge litapiga kura ndani ya siku 60. Ahadi ya jukwaani haimo humo.

Kwa hivyo 2027 ikija na mtu akakuambia "tumewapa mwenza," muulize kama kuna orodha: wizara, bajeti, sheria gani, mwaka gani. Wahafidhina wa 2016 walidai majina 11 kabla ya kukubali uso mmoja, na unaweza kuchukia walichokitaka lakini walijua kununua.

Najua kuna mtu atakuja kuuliza kuhusu ile sheria ya asilimia 25 kwa kaunti 24, na kama mwenza anasaidia hapo. Hiyo ni stori nyingine, nitaiandikia uzi wake nikimaliza mitihani.